Maji ya Mkaukoni Yaliyosisitizwa Mara Tatu

Hapo juzijuzi, wala si zamani za kale kama wengi wetu tungependa iwe, palikuwa na nchi iitwayo Jamhuri ya Tumekwishasema. Ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa wenye beti tisa, na mawaziri wengi kuliko mbuzi. Iko wapi? Haijulikani. Si kwenu, hilo ni hakika, kwa sababu kwenu, inasemekana, mambo yote ni shwari.

Watu wa nchi hiyo walikuwa na desturi moja njema waliyoachiwa na mababu zao. Ukimkuta mtu anakula, atakwambia karibu. Mara ya kwanza unajibu, "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo limegusana na mgongo. Mara ya pili unasema, "Starehe, nimetoka kula sasa hivi," huku macho yako yakihesabu minofu. Mara ya tatu unanawa mikono na kukaa. Kukataa karibu ya tatu lilikuwa tusi zito, na mtu aliyelifanya hakuozwa mke katika vijiji saba.

Rais wa kwanza wa nchi hiyo, Baba wa Kauli, alikuwa mtu wa kufikiri sana baada ya kula. Siku moja, akichokonoa meno, aliwaambia mawaziri wake: "Mmeona? Mtu anakuja na njaa, anakaribishwa mara tatu, anaondoka ameshiba. Basi kama maneno matatu yanajaza tumbo, yatashindwaje kujenga barabara?" Mawaziri walipiga makofi hadi viganja vikawawasha. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia kuwa kinachojaza tumbo ni ugali. Kesho yake ikaundwa Wizara ya Usisitizaji, na tangu siku hiyo taifa likawa na sheria moja mama: jambo lolote likisisitizwa na mkubwa mara tatu, limekuwa.

Sisitizo la kwanza lilimaanisha jambo limo katika mpango. La pili, utekelezaji unaendelea vizuri. La tatu lilifanyika mahali penyewe, mbele ya wananchi, na papo hapo daftari likapigwa muhuri wa YAMETIMIA na faili likafungwa. Aliyelidai tena jambo hilo alishtakiwa kwa kukataa karibu ya tatu ya Serikali.

Maendeleo yalikuja kwa kasi ya kutisha. Katika kijiji cha Tungoje ilisisitizwa shule ya madarasa kumi na mawili, na watoto wakawa wanakaa humo juani, wamepanga mistari, wakitokwa jasho la elimu. Mkaguzi alipokwenda aliridhika sana na jengo. Mtoto mmoja tu alichapwa viboko vitatu, kwa kosa la kuingilia dirishani.

Aliyetunza daftari la masisitizo yote ya taifa alikuwa Pazi Kolelo, karani mwembamba wa miaka hamsini na mmoja, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na woga uliofungwa vizuri zaidi. Kwa miaka kumi na minane alikuwa hajawahi kumjibu mkubwa neno lolote zaidi ya "ndiyo, mkuu," na siku moja alipopiga chafya katikati ya hotuba ya waziri, aliandika barua ya kujieleza kabla hajaombwa.

Pazi alikuwa na madaftari mawili. Jekundu lilikuwa la wakubwa. Humo aliandika nani amesisitiza nini, mara ya ngapi, na kwa sauti ya kiasi gani, kwa sababu wizara ilikuwa na idara nzima ya sauti. Daftari jeusi lilikuwa la raia. Mkubwa akisema jambo na kulirudia, hilo ni sisitizo. Raia akisema jambo na kulirudia, huo ni ung'ang'anizi, na ung'ang'anizi haujengi chochote. Kurasa za daftari jeusi zilichanwa kila mwisho wa mwezi, zikawashia jiko la chai ya wizara.

Na katika daftari hilo jeusi, mng'ang'anizi namba moja wa taifa zima alikuwa Bi. Sikujua Kolelo, mkunga wa zahanati ya Mkaukoni. Alikuwa dada yake Pazi, wa tumbo moja.

Kwa miaka kumi na moja Bi. Sikujua alikuwa akiandika wizarani kila mwezi kwamba zahanati haina maji. Watu wa Mkaukoni wangeweza kujichimbia kisima, lakini ilikatazwa. Mambo ya maji yalikuwa yamekwisha kuingia katika mpango, na mtu anayechimba kilicho katika mpango anaonyesha kuwa na shaka. Basi wakawa wanakwenda nusu siku hadi bwawa la ng'ombe, wanarudi na ndoo ya tope. Barua ya mia na thelathini na mbili haikuja wizarani. Ilikuja nyumbani kwa Pazi.

"Mdogo wangu," iliandikwa, "hii siiandikii Serikali, nakuandikia wewe. Mwaka jana Semeni alijifungua mikononi mwangu, na nilikuwa na nusu ndoo ya maji ya bwawa. Mtoto aliishi siku nne. Sasa Semeni ana mimba nyingine, miezi saba. Waziri wenu amekwisha kuyasisitiza maji yetu mara mbili. Akija mara ya tatu nawe ukagonga muhuri wako, sitakuwa na haki hata ya kuomba. Usigonge, Pazi. Nakuomba, na nang'ang'ania."

Pazi alijifungia chooni akaisoma mara mbili. Alilia kidogo, kwa adabu, asije akasikika. Kisha akanawa uso, akaenda ofisini, akaiandika katika daftari jeusi: barua namba 132, ung'ang'anizi. Ndivyo alivyokuwa.

Wiki tatu baadaye msafara wa magari kumi na manne ulielekea Mkaukoni. Mbele alikaa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Tindikali Lumbanga, mtu mwenye tumbo la kwanza nchini kwa ukubwa na sauti ya pili. Udakta wake aliusisitiza mwenyewe mara tatu, katika karamu ya siku yake ya kuzaliwa. Nyuma yake alikaa Katibu wa Wizara, kazi yake kutikisa kichwa kukubali. Gari la mwisho lilimbeba Pazi na madaftari yake, katikati ya vipaza sauti na zulia jekundu.

Safari ilikuwa ya saa saba za vumbi, na hapakuwa na chupa hata moja ya maji katika magari yote. Kanuni ya Tisa iliwakataza viongozi kwenda mahali na kitu ambacho kimesisitizwa kuwa kipo huko. Waziri mmoja wa zamani aliwahi kuonekana na kurunzi katika kijiji kilichosisitizwa umeme, na mpaka leo ni mkuu wa kituo cha kuchunguza upepo.

Wataalamu walikuwa wametangulia kusimika bomba. Lilikuwa bomba la kupendeza kweli, koki yake inang'aa, limepachikwa kwenye nguzo ya saruji iliyopakwa rangi za bendera. Chini ya nguzo hapakuwa na mpira wala tanki. Palikuwa na utepe.

Bi. Sikujua alimngojea mdogo wake mlangoni pa zahanati, amejifunga kanga kiunoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Muhuri umekuja nao?"

"Dada, mimi ni karani tu."

"Najua. Ndiyo maana sijakuuliza kama umekuja na moyo, nimekuuliza muhuri."

Pazi aliangalia viatu vyake. Ndani ya zahanati, kwenye benchi, alikaa Semeni, mikono juu ya tumbo. Kando yake palikuwa na ndoo moja, na Pazi hakuhitaji kuchungulia ndani.

"Niambie jambo moja," Bi. Sikujua akasema. "Hotuba ni kabla ya chakula au baada?"

"Baada. Mkubwa hasisitizi na njaa."

"Na kanuni zenu zinasemaje juu ya karibu ya tatu?"

"Hakatai mtu, dada. Hata Rais hawezi. Ndiyo mizizi ya taifa."

"Vizuri. Kamwambie mkubwa wako chakula tayari."

Wanawake wa Mkaukoni walikuwa wameandaa ng'onda wa papa, mkavu kama soli, chumvi imemkaa mpaka kwenye uti. Palikuwa na mihogo ya kuchoma na karanga za kukaanga, na pilipili kichaa iliyotwangwa, bakuli zima. Mheshimiwa alipoona chakula alikunja uso, lakini Redio ya Taifa ilikuwa inatangaza moja kwa moja, na kipaza sauti kilikuwa mbele ya kidevu chake.

"Karibu chakula, Mheshimiwa," akasema Bi. Sikujua.

"Ahsante, mama, nimeshiba."

"Karibu, baba."

"Starehe, nimetoka kula sasa hivi."

"Karibu, baba, usitutupe."

Mheshimiwa akakunja mikono ya koti. Alikula kwa mkono, ili taifa lisikie jinsi anavyowapenda wananchi wake. Mtangazaji alieleza kila tonge. Baada ya kipande cha nne cha papa, Mheshimiwa alianza kumeza kwa shida, kama bata aliyebugia chenga.

Hapo Bi. Sikujua akaleta sinia lenye kitambaa cha kufuma, na juu yake bilauri moja, safi, tupu.

"Karibu maji, Mheshimiwa. Ni yale ya bomba letu, uliyotusisitizia."

Mheshimiwa aliitazama bilauri. Katibu alitikisa kichwa, kisha hakujua amekitikisa kwa lipi.

"Ahsante, mama, sina kiu."

"Karibu maji, baba."

"Starehe. Nimetoka kunywa."

"Karibu, baba. Ya tatu hii."

Mheshimiwa akainua bilauri, akaipeleka mdomoni, akaiinamisha taratibu. Koo lake lilipanda na kushuka mara tatu. Akaishusha, akajifuta midomo mikavu kwa leso.

"Matamu," akasema, na sauti ilikwaruza. "Matamu na baridi."

"Mheshimiwa amekunywa maji ya Mkaukoni!" akapaza mtangazaji. "Bilauri nzima, wasikilizaji, bila kupumua!"

"Aongezewe!" wakaitikia wanawake.

Wakaenda kwenye bomba na jagi. Wakafungua koki, na mjusi mdogo akatoka humo, akawatazama, akarudi ndani. Walirudi wamelishika jagi kwa mikono miwili, kwa uangalifu, lisimwagike. Mheshimiwa alikunywa bilauri ya pili. Alikunywa ya tatu. Baada ya ile ya tatu ulimi wake ulikuwa umeganda kwenye kaakaa, na neno "matamu" lilitoka vipande vipande.

"Sasa anawe mikono," akasema Bi. Sikujua.

Wakamnawisha. Mwanamke mmoja alishika beseni chini ya mikono yake, mwingine akamimina kutoka kwenye jagi lile tupu, na Mheshimiwa akasugua viganja hewani, akavikung'uta, akashukuru. Jasho lilikuwa linamchuruzika kutoka kwenye paji la uso. Akainua mkono aliokwisha kunawa, akajifuta jicho.

Pilipili kichaa haijawahi kusoma Kanuni za Usisitizaji.

Kelele alizotoa Mheshimiwa Dakta Tindikali Lumbanga zilisikika wilaya tatu bila msaada wa redio. Aliruka kutoka kitini, akapiga teke sinia, akazunguka akiwa ameshika uso. "Maji! Leteni maji! Jicho langu!"

"Haya hapa, baba," akasema Bi. Sikujua, akaliinamisha jagi juu ya uso wake kwa upole wa mkunga. "Pole. Nawa, nawa vizuri."

"Hakuna kitu humo!"

"Yamo, Mheshimiwa. Umeyanywa sasa hivi."

"Hakuna maji hapa! Nasisitiza, hakuna maji!"

Neno likatoka katika vipaza sauti vyote, likagonga ukuta wa zahanati, likarudi. Katibu aliacha kutikisa kichwa kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Pazi, kwenye meza yake ndogo, alikuta kalamu iko mkononi. Mkono ulikuwa wake, lakini ulikuwa umeanza kazi bila kumwuliza.

"Karani!" akafoka Katibu. "Kalamu chini!"

"Leteni jagi jingine," akasema Bi. Sikujua, bila kugeuka. "Hili labda limekwisha."

"Wewe mama kiziwi? Nasisitiza tena, hakuna maji! Hakuna!"

Mbili. Pazi aliandika mbili. Chini ya hofu yake yote, iliyozoeleka kama shati la kazini, kulikuwa na kitu kingine alichokuwa amekisahau. Aliona haya. Aliona haya kwa miaka yote kumi na minane, kwa shule ya Tungoje, kwa barua mia na thelathini na mbili zilizochemsha chai, na zaidi ya yote kwa kile kilio chake cha adabu chooni.

Mheshimiwa sasa alikuwa amezibwa mdomo na Katibu. Lingeishia hapo, kwenye mbili, na mbili si kitu. Lakini Semeni alikuwa ametoka mlangoni pa zahanati, polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Lakini Mheshimiwa," akauliza, "si wewe mwenyewe uliyesema yapo?"

Mheshimiwa alikuwa na jicho moja linalowaka na koo lililokauka, lakini hakuwahi kuvumilia kubishiwa hata alipokuwa mzima. Akausukuma mkono wa Katibu.

"Unabishana na Serikali? Nikisema hakuna, hakuna! Nasisitiza!"

"Karani!" akapiga yowe Katibu. "Usiandike! Utajuta!"

Pazi akasimama. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu. "Kanuni ya Kwanza, mkuu. Lolote analolisisitiza Waziri hadharani huandikwa kama lilivyosemwa." Akaandika tatu, akautia muhuri mate kwa kuwa hakuwa na maji, akaugonga. YAMETIMIA.

Baraza la Mawaziri lilikaa siku mbili. Jambo lilikuwa gumu. Taifa lilikuwa limesisitiza mara tatu kwamba Mkaukoni hakuna maji, na kauli iliyotimia haitanguliwi, la sivyo watu wangeanza kutilia shaka hata shule ya Tungoje. Ikaamuliwa kwamba Mkaukoni hakuna maji, hapajawahi kuwa na maji, wala hayataletwa kamwe, kwa heshima ya Serikali. Mheshimiwa Lumbanga alipelekwa kuwa balozi katika nchi yenye mvua nyingi. Pazi alifukuzwa kazi kwa kosa la kuandika alichosikia. Akafunga begi lake, akahamia kwa dada yake.

Habari ya kwamba hawatapata kitu milele iliwafikia watu wa Mkaukoni asubuhi moja. Kisha mmoja akasema kwamba kama maji hayamo tena katika mpango, basi kuchimba si kuonyesha shaka. Wakatazamana kama watu walioamshwa. Mchana majembe yalikuwa yameingia ardhini, na Pazi Kolelo, aliyekuwa hajawahi kushika kitu kizito kuliko muhuri, alivuta udongo kwa kamba mpaka viganja vikachubuka. Siku ya kumi na tisa maji yalitoka, kwanza ya tope, kisha meupe. Semeni alijifungua wiki iliyofuata. Bi. Sikujua alikuwa na ndoo sita zilizojaa, akazitumia zote, na mtoto, wa kike, alilia kwa sauti ambayo ingeajiriwa wizarani. Siku ya nne ilifika ikapita. Siku ya arobaini ikapita.

Kilikuwa kisima bora kuliko vyote nchini. Hakikuzinduliwa, hakikupewa jina la mkubwa yeyote, na hakikuwa na kamati.

Mwaka mmoja baadaye akaja Mkaguzi kutoka Wizara, kijana wa suti, ametembea kwa miguu tangu barabara kuu kwa kuwa gari lilimharibikia. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alitumwa kuthibitisha sisitizo. Akawakuta wanawake wanateka, ng'ombe wanakunywa kwenye hori, na bustani ya mchicha nyuma ya zahanati.

"Hiki ni nini?" akauliza.

"Shimo," akajibu Bi. Sikujua.

"Lina nini ndani?"

"Ungetuambia wewe, mwanangu. Nyinyi ndio mnaojua."

Mkaguzi alichungulia. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Karibu maji," akasema Bi. Sikujua, na kumnyooshea kata.

"Ahsante, mama, sina kiu."

"Karibu, mwanangu."

"Starehe. Nimetoka kunywa."

"Karibu. Ya tatu hii."

Mkaguzi akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaipokea kata kwa mikono miwili, akanywa, akaomba tena, akanywa, maji yakimtiririka shingoni na kulowesha tai. Alipomaliza alishusha pumzi, akafungua daftari lake jekundu, akaandika kwa mwandiko mzuri: Nimekagua. Hakuna maji.

Kisha akaomba kata ya tatu, na Pazi akamshikia daftari lisije likalowa.